Sabufa Isiyo na Taa

Manyamanyama, Bunda
3 Juni 2024

Baba,

Shikamoo.

Naandika kwa kalamu kwa sababu simu imeshindikana. Nikipiga unapokea, unasema "haloo, haloo", halafu unakata. Usiniambie ni mtandao. Ungekuwa mtandao usingepokea kabisa. Unakata ukishajua ni mimi.

Karatasi haikatwi, kwa hiyo nisikilize hapa.

Mwaka jana kwenye misa ya kumbukumbu ya mama nilikuja na muziki wangu mwenyewe. Sikukodi, sikuazima. Kila spika uliyoiona pale nimeipata kwa bisibisi yangu, tangu nikitengeneza redio chini ya mwavuli pale stendi ya Bunda mpaka leo nina duka lenye mlango wa chuma. Nikaweka kaseti ya kwaya yako, ile ambayo mama anapiga ngoma. Nilidhani nakupa zawadi. Wimbo haujafika hata kwenye kiitikio, ukasimama mbele ya watu wote: "Zima! Hiyo si kwaya, hiyo ni kelele." Nikazima. Nikakunja nyaya huku wenzangu wanakula pilau wananitazama.

Sisahau pia ya zamani. Amplifaya yako sikuruhusiwa kuigusa. "Mikono ya mtoto wa kike na umeme haviendani." Kazi yangu ilikuwa kukushikia tochi. Bisibisi alipewa Boniphace, mdogo wangu, ambaye leo anauza dagaa Mwigobero na fyuzi ikikatika nyumbani kwake anampigia nani? Mimi.

Agosti 24 ni misa ya mama tena. Nijibu jambo moja tu: nije na muziki wangu, au nije mikono mitupu kama mgeni? Ryoba wa gari la soda ndiye kakuletea barua hii. Anapita huko mara mbili kwa wiki, mpe majibu.

Mwanao,
Eunice

*

Butiama
10 Juni 2024

Eunice,

Marahaba. Barua imefika. Ryoba amekunywa chai, tena kwa sukari nyingi.

Simu yangu ni mbovu. Inatoa mvumo tu, kama tuko bado kiwandani kwenye mashine ya kuchambua pamba. Nikisikia mvumo nakata, nitapotezaje betri kwa mvumo? Sikujua ni wewe. Ya simu yameisha.

Ya muziki wako siwezi kuyajibu leo maana nina ugonjwa mkubwa zaidi ndani ya nyumba. Amplifaya inakufa. Nimeifunga kwenye boksi la sabuni, Ryoba atakushushia. Usifikiri nimekubali ufundi wako. Fundi wa hapa ameifungua akasema haina kitu, nikajua yeye ndiye hana kitu.

Dalili ni hizi. Kayamba zimekufa kabisa. Sauti ya kwanza wanaimba kama wamefungwa vitambaa mdomoni, maneno hayatoki. Zamani ilikuwa unasikia hata mtu anavuta pumzi. Wewe unajua ninavyofundisha: kwaya inakuja sebuleni kwangu, naweka kaseti, wanasikia tulivyoimba zamani, wanafuata. Sasa wakiimba siwezi tena kuwalinganisha na kaseti, kila kitu ni ukungu. Wiki iliyopita nimemgombeza Wankyo kwamba hakutamka, wenzake wote wakasema ametamka. Nimeaibika.

Kama haitapona kabla ya misa, siku hiyo hiyo namkabidhi msaidizi wangu Benjamini kwaya. Nitakaa benchi la nyuma na wazee wenzangu, na amplifaya wachukue watu wa vyuma chakavu. Mwalimu asiye na kipimo ni mtu anayepunga mikono tu.

Baba yako,
Magesa

*

Manyamanyama, Bunda
17 Juni 2024

Baba,

Shikamoo.

Nimeifungua. Mikono ya mtoto wa kike imeingia ndani na hakuna kilichoungua.

Nimesafisha vumbi, nimetoa buibui mmoja na mayai yake, nimepuliza vitufe. Kisha nimeipima, maana mimi sitengenezi kwa kusikilizia na kutingisha kichwa. Nimeingiza mlio kutoka chini kabisa, hezi ishirini, yaani mitetemo ishirini kwa sekunde, nikapanda nao mpaka elfu kumi na tano. Kulia na kushoto zinakwenda sawa kama ng'ombe wawili wa plau. Inatoa wati thelathini kila upande, vilevile kama walivyoandika nyuma. Watu wanaleta dukani kwangu vitu vya mwaka jana ambavyo havifiki nusu ya hapo.

Halafu nikaweka nakala ya kaseti yako. Kayamba zipo, Baba. Zipo kali mpaka jirani yangu muuza chapati amekuja kuuliza kuna harusi gani. Sauti ya kwanza wanatamka mpaka herufi ya mwisho.

Kwa hiyo naomba tusemezane kama watu wazima. Amplifaya nzima umeniletea kwa nini? Ulitaka nibadilishe kitu ambacho hakijaharibika, halafu useme si unaona, ameiharibu? Kama ni mtihani, nimefaulu. Inarudi na Ryoba. Sijakutoza kitu, buibui ndiye aliyelipa.

Na bado hujajibu kuhusu misa.

Eunice

*

Butiama
24 Juni 2024

Eunice,

Marahaba.

Imerudi safi. Vumbi limetoka, ugonjwa umebaki.

Unasema kayamba zipo. Zipo wapi? Nimeweka kaseti ile ile, nimesogeza kiti mpaka magoti yakagusa spika. Mtihani sikukupa. Mimi nilifanya kazi na mashine kwa maisha yangu yote kule Bunda, najua kifaa kikichoka. Pengine huko kwako umeme ni mzuri zaidi.

Basi acha. Nimeshamwambia Benjamini ajiandae.

Sina habari nyingine. Kijiji kimepoa siku hizi. Wale ndege wa alfajiri wa kwenye mparachichi wamehama, sijui wamepata wapi kuzuri zaidi. Nyenje nao hawalii tena. Watoto wa jirani wamepata adabu, wanaongea kwa kunong'ona. Ng'ombe tu na malori ndio wamebaki na sauti zao.

Mama yako angefurahi kwa utulivu huu. Mimi unanichosha.

Magesa

*

Manyamanyama, Bunda
27 Juni 2024

Boniphace,

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu ujumbe wa simu unaujibuga "sawa dada" kabla hujausoma. Hii soma mpaka mwisho.

Pasaka ulilala Butiama. Nijibu bila mzaha: ndege wapo kwenye mparachichi wa baba? Nyenje wanalia?

Barua yake nimeisoma jana dukani, nimesimama, mteja ananisubiri na pasi yake. Ndege, nyenje, watoto, kayamba, sauti ya kwanza. Kila alichopoteza kiko juu, hezi elfu tatu kwenda mbele. Kila kilichobaki kiko chini: ng'ombe, lori. Nikaipanga kwenye karatasi kama ninavyopanga amplifaya ya mteja, nikaona mahali ilipokatikia. Halafu nikakaa chini. Mteja akaniuliza kama naumwa.

Mimi nimepima mashine yake wiki nzima, Boniphace. Nimepima mashine, yeye sikumpima.

Kitu cha pili. Nitafutie kasha la besi, la mbao, lenye umeme wake lenyewe, lenye sehemu ya kupokea waya wa spika kwa nyuma. Hizi seti za plastiki sizitaki. Hapo Musoma kuna nyumba za wageni zinabomoa kumbi zao kila siku. Picha ya nyuma yake nitumie kwenye simu, hiyo nakuruhusu.

Dada yako,
Eunice

*

Mwigobero, Musoma
2 Julai 2024

Dada,

Shikamoo. Nimesoma mpaka mwisho. Mara mbili.

Ndege wapo. Waliniamsha kabla ya kengele ya kanisa. Nyenje ndiyo usiseme, nililala na mto kichwani.

Mimi nilidhani unajua! Wewe si ndiye mtu wa sauti kwenye ukoo huu? Anatazamaga midomo. Ukigeuka anatikisa kichwa na kusema "ndiyo, ndiyo". Nilimwambia nimemletea sato, akaniuliza, "Kato? Kato ni nani?" Nikacheka, yeye hakucheka, akatoka nje akakaa na ng'ombe. Tangu hapo sijamgusia. Na wewe usimwambie nimekwambia, ataninyima kuku wa Krismasi.

Kasha limepatikana. Nyumba ya wageni huku ziwani walikuwa wanalikalia kama stuli, wamelitoa kwa ndoo mbili za dagaa. Ni zito kama gunia la mihogo. Linanuka samaki kidogo kwa sababu yangu, ulianike.

Mdogo wako asiyejua fyuzi inakaa wapi,
Boniphace

*

Manyamanyama, Bunda
9 Julai 2024

Baba,

Shikamoo.

Nimefikiria upya ugonjwa wa muziki wako. Nakuletea sabufa. Ryoba anayo kwenye boksi kubwa, msaidie kushusha. Ikishawekwa hapo sebuleni utaona tofauti, kwaya haitahitaji kwenda kwa Benjamini. Usiwashe chochote mpaka nikuletee maelezo.

Ni zawadi. Usiulize bei.

Eunice

*

Butiama
15 Julai 2024

Eunice,

Sabufa!

Nilikuletea ng'ombe mgonjwa umtibu. Ulimrudisha ukasema mzima. Sasa unaniletea kuku wa kisasa ili nimchinje ng'ombe.

Sabufa naijua, usinifundishe. Benjamini anayo. Ina taa za kijani na nyekundu zinazokimbizana kama baa, ina redio ndani, unachomeka flashi, ina spika mbili ndogo kama makopo ya maziwa, na ukiiwasha mwanamke wa Kizungu anaongea kwanza. Hiyo ndiyo unataka niweke pale ilipokaa amplifaya yangu? Hii tuliinunua mimi na mama yako mwaka ambao pamba ilikubali. Alibeba yeye, mimi nilibeba spika. Kama inakufa, itakufa mezani kwake.

Boksi sijalifungua. Nimelifunga kamba ya ng'ombe lisijefunguka njiani, linarudi kwako. Ryoba ameguna kwa uzito. Amekunywa chai vikombe viwili.

Tarehe 24 njoo mikono mitupu. Umepata jibu lako.

Magesa

*

Manyamanyama, Bunda
22 Julai 2024

Baba,

Shikamoo. Usiichane hii. Isome umekaa.

Boksi limerudi. Fundo la kamba ulivyolifunga, nimetumia kisu.

Kosa ni langu, nimetumia neno la mtaani. Huku mitaani sabufa ni seti nzima, ile ya Benjamini yenye taa na mwanamke wa Kizungu. Kwa fundi sabufa ni kasha la besi peke yake. Hili nililokuletea halina taa. Halina redio, halina pa kuchomeka flashi, halisemi kitu kwa lugha yoyote. Bila amplifaya yako ni stuli, na Musoma walilitumia hivyo hivyo. Halikuja kuiondoa amplifaya mezani. Limekuja kukaa chini sakafuni na kupokea kutoka kwake.

Hilo lilikuwa jepesi. Sasa la pili.

Ndege hawajahama, Baba. Nyenje wanalia kila siku. Simu yako ni nzima, nami nilikuwa nasema, "Baba, shikamoo, ni Eunice," nawe unasikia mvumo. Ni masikio, na hujayaharibu wewe. Ni ile mashine ya kuchambua pamba, miaka yote ile bila kuziba masikio, na mashine ya namna ile inaanza kula juu. Inakula kayamba, ndege, sauti za watoto, herufi za mwisho. Chini inachelewa kufika. Kuna daktari wa masikio, tutakwenda wote, hilo tutabishana baadaye.

Mimi pia ilinichukua muda. Mwaka mzima nimekasirika kwamba ulizima kaseti ya mama. Nilidhani ulinizima mimi. Kumbe ulisimama pale ukasikia ukungu, ukaambiwa ni kwaya yako. Nami ningesema zima.

Sasa nisikilize kwa namba, maana namba hazipendelei mtu. Spika zako zile ni za inchi sita. Ni nzuri, lakini zikifika hezi mia kushuka chini zinachoka, zikifika sabini zimelala. Ngoma kubwa ya mama nimeipima kwenye kaseti: ipo kati ya hamsini na tano na sabini. Maana yake ni nini? Maana yake ngoma ile imo ndani ya kaseti tangu siku padri aliporekodi na mashine yake nzuri, na sebuleni kwako haijawahi kutoka hata siku moja. Kayamba zako sizirudishi. Nisikudanganye. Lakini huku chini masikio yako bado ni mazima, na huku chini ndiko aliko mama.

Na niseme lingine linaloniuma: mwaka jana makasha yangu ya besi niliyaacha dukani. Nilisema hii ni misa, si harusi. Nikaja na kila kitu isipokuwa kile ambacho ungekisikia.

Boksi linarudi kwa mara ya pili, Ryoba ameomba asichomwe na jua huku tunagombana. Funga hivi.

Zima kila kitu, chomoa ukutani. Nyuma ya amplifaya kuna nati nne za spika, mbili za kulia, mbili za kushoto. Waya za spika zako usizitoe. Ongeza juu yake waya nilizoziweka kwenye boksi, zije mpaka kwenye sabufa, pale penye matundu ya kubonyeza yaliyochorwa spika. Nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, kulia kwa kulia. Kwenye waya zako mwenyewe, ule wenye fundo ndio nyekundu. Najua. Nilikuwa nimeshika tochi, macho nilikuwa nayo.

Usiogope kwamba utailemea. Sabufa ina umeme wake, haivuti nguvu ya amplifaya. Inachungulia tu kinachopita.

Nyuma ya amplifaya utaona pia matundu ya duara, yale ya kurekodia. Yaache. Besi ikitoka pale haifuati kitufe chako cha sauti. Utapunguza wimbo na yenyewe itaendelea kupiga kama mgeni asiyejua kwamba sala imeanza.

Kitufe cha sabufa cha kukatia sauti za juu kiweke hezi themanini. Kuna swichi ndogo ya sifuri na mia themanini: jaribu huku, jaribu huku, uache pale ngoma inaponenepa. Kasha liweke pembeni ya ukuta, sakafuni. Halafu vua viatu.

Kaseti unaijua. Upande wa pili, wimbo wa mavuno.

Sitapiga simu kuuliza. Nasubiri Ryoba.

Mwanao,
Eunice

*

Butiama
5 Agosti 2024

Mama,

Nimekuita jina la mama yangu kwa sababu ndilo uliloachiwa, na muda mrefu sijalitumia.

Barua yako ilikaa mezani wiki nzima. Nilitaka kuichana, kisha nikakumbuka umeniambia nisiichane. Nilikwenda nikasimama chini ya mparachichi alfajiri, nikatazama juu. Nimewaona. Wanafungua midomo na kufunga. Wapo wengi kuliko zamani.

Sikumwambia mtu. Ila jirani amejua, maana alinikuta natazama ndege kama mtoto.

Jana ndiyo nimefunga. Zima, chomoa, nati nne. Nyuma ya meza ni giza, ikabidi tochi niishike kwa meno, na meno yenyewe unajua yamebaki mangapi. Imeanguka mara nyingi. Nimetamka maneno ambayo mwalimu wa kwaya hatamki. Waya wa fundo nimeupata. Swichi ile ndogo nimeiweka sifuri, kimya. Nikasema, Eunice ameniletea stuli. Nikakumbuka mia themanini.

Vikombe vimetembea kabatini.

Nilikuwa nimevua viatu kama ulivyoagiza. Ilianzia kwenye nyayo, ikapanda magotini, ikaingia kifuani, na nilikuwa sijajua bado kama nasikia au naguswa. Halafu nikasikia. Nasema nimesikia, Eunice. Si ukungu. Ngoma, moja moja, kila pigo na mwanzo wake na mwisho wake. Mama yako. Ana ule mtindo wa kuchelewesha pigo la nne kidogo, kama mtu anayevuka kijito na kusita kwenye jiwe la mwisho. Hakuna mtu mwingine anayepiga vile hapa Mara.

Miaka yote nilikuwa namwambia, "Pelagia, punguza, unafunika sauti." Alikuwa anasema, "Ndiyo mwalimu," na hakuwa anapunguza. Nimerudia ubeti wa tatu mpaka mkanda umepata joto. Nilikuwa naaminiga mimi ndiye niliyewaingiza kwenye ubeti ule kwa mkono wangu. Si mimi. Sikiliza kwa makini: ngoma inaingia kwanza, ndipo kwaya. Yeye ndiye alikuwa anawaingiza. Mimi mkono wangu ulikuwa unamfuata yeye, na watu wote wananipongeza mimi.

Nimecheka peke yangu. Kisha sikucheka.

Leo jioni kwaya imekuja kwa mazoezi. Nimewaambia wazi, masikio yangu ya juu yamekwisha. Benjamini akasema, "Mwalimu, tulikuwa tunajua, tulikuwa tunaogopa." Basi tumegawana. Benjamini atasikiliza sauti ya kwanza na matamshi. Mimi nabaki na mapigo, nashika kwaya kwa ngoma, nikisimama bila viatu kando ya Wankyo, ambaye sasa anaimba huku anapiga ngoma. Nimemwambia asipunguze hata akiombwa na padri. Wameuliza ile ni sabufa gani isiyo na taa. Nimewaambia hiyo ni ya mafundi, ya Benjamini ni ya watoto. Benjamini amekasirika kidogo. Atapoa.

Amplifaya haiendi kwenye vyuma chakavu.

Tarehe 24 njoo na muziki wako wote, na makasha ya besi usiyaache dukani. Weka kaseti ile ile. Nitasimama mbele ya watu wale wale na nina la kuwaambia. Sitasema zima.

Uje mapema, kwa sababu waya wa kushoto nimeufunga vibaya, unatoa cheche ukiguswa. Bisibisi utashika wewe. Tochi nitashika mimi.

Na nimewaza juu ya simu. Ukipiga nitapokea, nikiona taa yake imewaka nitajua ni wewe. Sitasikia unachosema, lakini nitaiweka kando ya sabufa ili wewe usikie ngoma ya mama yako.

Baba yako,
Magesa

*

Manyamanyama, Bunda
7 Agosti 2024

Baba,

Shikamoo.

Usiguse waya huo wa kushoto. Chomoa ukutani sasa hivi, ukishamaliza kusoma mstari huu.

Simu haibebi ngoma. Kila kitu kilicho chini ya hezi mia tatu inakitupa njiani, na mama yupo kwenye sitini. Ungeniwekea simu pale ningesikia ukungu, kama wewe.

Kwa hiyo sisubiri tarehe 24. Jumamosi hii nafunga duka, nakuja na Ryoba mwenyewe, nimekaa juu ya kreti za soda. Atataka chai.

Wewe tafuta betri za tochi.

Eunice